Kumtafuta babu aliyekuwa yatima Uingereza ya Malkia Victoria: uanze na vyeti, vitabu vya maskini, mafaili ya mashirika au DNA?

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Unguja, akavuka hadi Bagamoyo, akakodi wapagazi na kuingia bara kumtafuta Livingstone, hadi akamkuta Ujiji. Hayo tulisoma shuleni. Ambayo wengi wetu hatukuambiwa ni kwamba bwana huyo hakuzaliwa Stanley, wala hakuwa Mmarekani. Alizaliwa John Rowlands mjini Denbigh, Wales, Januari 1841, na mama ambaye hakuwa ameolewa. Babu yake mzaa mama alimlea, akafariki. Wajomba walilipa majirani wamtunze, kisha wakachoka kulipa. Mwaka 1847, akiwa na miaka sita, akashikwa mkono kwa kudanganywa kwamba anapelekwa kwa ndugu wa mama yake, kumbe safari iliishia kwenye mlango wa makao ya maskini ya St Asaph. Alikaa humo miaka tisa.

Namtaja kwa sababu karatasi zilizomfuata mtoto yule ndizo zilizowafuata maelfu ya watoto ambao hawakuja kuwa mashuhuri, na baadhi yao leo ni mababu wa watoto wetu. Kuna Mtanzania aliyeolewa Leeds, watoto wake wanataka kujua ukoo wa baba yao. Kuna Mkenya wa Toronto ambaye familia ya mumewe inasema tu kwamba "babu aliletwa na meli akiwa mdogo, hakuwa na wazazi". Swali ni lilelile kila mara: nianzie wapi, maana pesa na muda havitoshi kwa njia zote?

Watu huanza wakiwa wamekata tamaa, wakidhani maskini hakuandikwa popote. Uingereza ya 1837 hadi 1901 ilikuwa kinyume chake. Mtoto wa fundi viatu mwenye kula yake alikutana na karani mara chache: kuzaliwa, sensa, kuoa, kufa. Mtoto aliyetelekezwa aliandikwa na karani wa makao, mganga, mwalimu, padri, hakimu, shirika la hisani, na pengine nahodha wa meli. Kila shilingi iliyotumika juu yake ilihitaji maelezo. Umaskini ule ulizaa karatasi nyingi, ila zimetawanyika.

Jambo jingine kabla hatujalinganisha ni neno lenyewe. Kwa Waislamu wa pwani, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yupo. Waingereza wa karne ile nao hawakulibana neno lao. Wengi waliolelewa katika nyumba zilizoitwa za mayatima walikuwa na mzazi mmoja aliye hai, mara nyingi mama mjane asiye na kazi ya maana, au baba aliyeshindwa kulea baada ya mke kufa. Kwa hiyo usiwazike wazazi kwenye mti wa ukoo wako kabla hujaona cheti cha kifo. Wakwe zangu walimzika mama wa babu yao kwa miaka hamsini, kisha sensa ikamwonyesha yu hai, anafua nguo za watu mtaa wa pili kutoka nyumba aliyowekwa mwanawe.

Vipimo

Nitazipima njia nne kwa mambo matano: unahitaji kuwa na nini mkononi kabla ya kuanza, itakujibu swali gani, gharama na muda, wapi huponza, na inamfaa nani. Hilo la pili ndilo watu hulisahau. "Alikuwa nani?" na "alipitia nini?" ni maswali mawili, na njia inayojibu la kwanza mara nyingi ni bubu kwa la pili.

1. Vyeti vya serikali na sensa

*Unachohitaji.* Jina, mwaka wa kukadiria na eneo. Bila eneo, ukimtafuta John Smith utawapata mia na hutajua wako ni yupi. Jua pia nchi yenyewe, kwa sababu England na Wales zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, Scotland ikafuata 1855, na Ireland ikaanza kuandikisha vizazi vyote 1864. Sensa yenye majina ya kila mtu ilianza 1841, ikaendelea kila baada ya miaka kumi.

*Utakachopata.* Cheti cha kuzaliwa hutoa jina la mama pamoja na ubini wake wa usichana, jina na kazi ya baba, na mahali. Nafasi ya baba ikiwa tupu, kwa kawaida mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Tangu 1875 baba asiye mume wa mama hakuandikwa mpaka aende mwenyewe na mama, wote watie saini, na wengi hawakwenda. Sensa hukuonyesha mtoto alilala wapi usiku mmoja wa muongo: kwa bibi, kwa jirani, au kwenye makao, akiwa ameandikwa mkaazi miongoni mwa mamia.

*Gharama na muda.* Ndiyo njia nafuu kuliko zote. Faharasa ya ofisi kuu ya uandikishaji ya England na Wales hutafutwa bure ukishafungua akaunti, na FreeBMD, tovuti nyingine ya faharasa hizo za vizazi, ndoa na vifo, ni bure. FamilySearch nayo ni bure hata ukiwa Mwanza au Mombasa, na sensa ya 1881 imo. Ukitaka kuona kurasa za sensa nyingine utakutana na tovuti za kulipia kama Ancestry na Findmypast, ila maktaba nyingi za umma Uingereza huwaruhusu wanaofika kuzitumia bila malipo. Vyeti vingi vya zamani huuzwa sasa kama picha ya kidijitali, kwa bei ndogo kuliko karatasi.

Kuna siri ndogo ambayo ingeniokolea mwaka mzima kama ningeijua mapema. Faharasa ya zamani haikuweka ubini wa usichana wa mama hadi 1911, lakini faharasa mpya ya ofisi kuu imeuweka kuanzia 1837. Maana yake unaweza kuwatafuta ndugu wa tumbo moja kwa kulinganisha ubini wa baba na wa mama, bila kununua cheti hata kimoja. Mtoto wa nje ya ndoa huonekana akiwa na kistari pale ubini wa mama ulipopaswa kuwa.

*Panapoponza.* Pengo. Charlie Chaplin mwenyewe alisema alizaliwa Aprili 1889, wakati ambao kutoandikisha mtoto tayari lilikuwa kosa lenye faini, na bado hakuna aliyepata cheti chake cha kuzaliwa. Tahadhari pia na cheti cha ndoa, kwa kuwa aliyezaliwa bila baba mara nyingi alibuni jina la baba siku ya harusi kuficha aibu. Watoto wa kambo huandikwa kwa ubini wa mume mpya. Na kama familia inasema babu "aliasiliwa", usitafute hati ya mahakama. England na Wales hazikuwa na sheria ya kuasili mtoto hadi ile iliyoanza kufanya kazi 1927. Kabla ya hapo mtoto alichukuliwa tu, kama wetu wanavyochukuliwa na mama wadogo.

*Inamfaa* anayeanza kutoka sifuri, aliye mbali na Uingereza, na mwenye bajeti ndogo. Haimfai anayetaka kujua kwa nini.

2. Vitabu vya makao ya maskini

Sheria ya 1834 iliunganisha parokia katika miungano, kila muungano ukawa na bodi ya walezi wa maskini na jengo lake. Aliyeshindwa kujikimu aliingia humo, akavuliwa nguo zake na kupewa sare, na familia ikatenganishwa mlangoni: baba huku, mama kule, watoto kwingine. Katika orodha za nyaraka utakuta neno workhouse, na hilo ndilo la kuandika unapotafuta.

*Unachohitaji.* Mahali, kuliko jina. Vitabu hivi havina faharasa moja ya taifa. Vimehifadhiwa kwa muungano, katika ofisi za nyaraka za kaunti. Vya London viko The London Archives, na vingi vimewekwa kwenye Ancestry. Kwa hiyo njia hii huja baada ya sensa au cheti kukupa mtaa.

*Utakachopata.* Hapa ndipo penye utajiri. Kitabu cha kuingia na kutoka hutoa tarehe, umri, dini, parokia, na sababu ya kuja: "ametelekezwa na baba", "mama yuko hospitali". Hutoa pia alivyoondoka, kama ni kwa kuchukuliwa na ndugu, kupelekwa kazini au kufariki. Kitabu cha madhehebu, ambacho kila makao yalilazimika kuwa nacho kuanzia 1869, kwa kawaida kimepangwa kwa herufi za majina, na mara nyingine kinataja ndugu wa karibu na anwani yake. Mimi huanza na hicho kila kinapopatikana, kwa sababu vitabu vya kuingia vimepangwa kwa tarehe na utafunua kurasa hadi macho yaume.

Halafu kuna mahojiano ya haki ya makazi. Muungano haukutaka kumlisha maskini wa muungano mwingine, kwa hiyo karani alimhoji mjane: ulizaliwa wapi, mume alifanya kazi wapi, mlipanga nyumba gani na kwa kodi kiasi gani. Yalikuwa mahojiano ya ubahili, lakini mjukuu wa leo huyasoma kama wasifu. Baba naye alisakwa. Poor Law Unions' Gazette lilichapisha maelezo ya wanaume waliotelekeza familia: kimo, rangi ya nywele, makovu, chanjo za mikononi. Nimesoma maelezo ya namna hiyo ya mwanamume ambaye hana picha hata moja duniani, na nilihisi ningemtambua stendi ya basi.

Rudi kwa Stanley. Katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe, alimchapa mwalimu wake katili na kuruka ukuta wa St Asaph. Kitabu cha makao kinasema kwamba mwaka 1856 aliondoka kwenda kwa ndugu yake kwenye shule ya Holywell. Ukitegemea simulizi peke yake utarithi hadithi tamu, ila karani naye hakuwa na sababu ya kuandika kwamba mvulana amempiga mwalimu.

Chaplin ni mfano wa upande wa pili. Cheti cha kuzaliwa hakuna, lakini kuingia kwake katika makao ya maskini kusini mwa London mwaka 1896 pamoja na mama yake na kaka yake Sydney kumeandikwa. Kumeandikwa pia kuhamishiwa kwake shule ya watoto maskini ya Hanwell, na Sydney kupelekwa kwenye meli ya mafunzo ya Exmouth.

*Gharama na muda.* Kama vitabu vimeshawekwa mtandaoni, ni usajili wa mwezi mmoja na wikendi mbili. Kama bado, ni nauli na siku nzima ya kukaa kwenye ofisi ya nyaraka, au kumlipa mtafiti wa huko kwa saa.

*Panapoponza.* Miungano mingi imepoteza vitabu, na baadhi kwa makusudi, vilipochukuliwa kuwa takataka. Na maskini wengi hawakuingia ndani kamwe. Walipewa mkate na senti chache nyumbani, na orodha za misaada hiyo ndizo zilizopotea zaidi. Kutomkuta kitabuni si ushahidi kwamba hakuwa na shida.

*Inamfaa* mwenye jina la mji, anayetaka kujua kilichotokea, na mwenye subira.

3. Mafaili ya mashirika ya kulea watoto

*Unachohitaji.* Jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, na shirika sahihi. Hilo la mwisho ndilo gumu. Familia nyingi za Kiingereza husema "alikuwa mtoto wa Barnardo" jinsi sisi tunavyoita kila dawa ya viatu Kiwi na kila sabuni ya unga Omo. Thomas Barnardo alifungua nyumba yake ya wavulana Stepney, London, mwaka 1870, lakini hakuwa peke yake. Wamethodisti walikuwa na National Children's Home tangu 1869, leo ni Action for Children. Waanglikana walikuwa na Waifs and Strays tangu 1881, leo ni The Children's Society. Scotland kulikuwa na nyumba za William Quarrier. Masharti ya kila nyumba nayo yanakupa habari: nyumba za George Müller pale Bristol ziliwataka waliofiwa na wazazi wote wawili na waliozaliwa ndani ya ndoa, hivyo ukimkuta babu humo umeshajua mawili. Foundling Hospital ya London, kinyume chake, ilipokea mtoto wa kwanza wa mama asiyeolewa, na ikambadilisha jina. Bila daftari lao huwezi kuunganisha jina la zamani na jipya.

*Utakachopata.* Faili likiwepo, hakuna njia inayolifikia: fomu ya maombi, barua za mama, ripoti ya mkaguzi, mahali alipopelekwa kufanya kazi. Kwa Barnardo pengine utapata picha ya siku aliyopokelewa, kwa kuwa walianza kuwapiga watoto picha miaka ya 1870.

Tawi la njia hii ni Kanada. Kuanzia 1869, Maria Rye alipopeleka kundi la kwanza, mashirika yalisafirisha watoto zaidi ya 100,000 kwenda kufanya kazi mashambani na majumbani huko. Wengi walikuwa na mzazi hai Uingereza. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Kanada ina orodha yao mtandaoni, bure, yenye jina, umri na meli. Kama familia yenu iko Ontario, anzia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

*Gharama na muda.* Mashirika hutoa mafaili kwa wazao, kwa kuthibitisha undugu na kulipa ada, na foleni yaweza kuchukua miezi. Andika ombi mapema, kisha endelea na mengine.

*Panapoponza.* Faili liliandikwa na watu waliohitaji wachangiaji. Mama huitwa "mlevi" au "mwenye tabia mbaya" kwa neno la mkaguzi mmoja. Mwaka 1877 Barnardo alifikishwa mbele ya wasuluhishi, na mojawapo ya lawama ilikuwa kwamba picha zake za "kabla na baada" zilipangwa ili mtoto aonekane amechakaa kuliko alivyokuwa. Walimwondolea mashtaka makubwa lakini picha hizo wakazikosoa. Soma faili kama unavyosoma barua ya kuomba msaada.

*Inamfaa* mwenye dokezo la shirika: bahasha, medali, Biblia yenye muhuri, au jina la nyumba kwenye sensa.

4. Kipimo cha DNA

*Unachohitaji.* Mate ya mtu sahihi, na mti wa ukoo uliojengwa walau nusu. Mtu sahihi ni mzee kuliko wote upande huo. Wewe mwenye asili ya Tanga hutakiwi kupimwa kabisa. Mpime mkweo, na kama hayupo, mumeo au mkeo, na watoto wawe wa mwisho.

*Utakachopata.* Jibu la swali ambalo karatasi haina: baba alikuwa nani. Hadi leo watu hubishana baba wa Stanley ni yupi, kwa sababu jina lililobaki ni la madai tu. Kwa wastani babu wa babu yako amekuachia asilimia sita hivi ya DNA yako. Watu wanaochangia babu wa babu mmoja, kama tisa kati ya kumi huonekana wana undugu kwenye kipimo; ukipanda kizazi kimoja zaidi, ni kama nusu tu. Ndiyo maana umri wa anayepimwa ni kila kitu.

*Gharama na muda.* Kifaa si ghali, na matokeo huja baada ya wiki chache. Kazi ni baadaye, kupanga mamia ya majina usiyoyajua na kuwaandikia watu ambao nusu yao hawajibu.

*Panapoponza.* DNA haina tarehe wala makao wala sababu. Nayo hufichua ya walio hai: unaweza kumtafuta baba wa 1870 ukagundua siri ya 1970. Ongea na wazee kabla ya kutuma kijichupa, na wakikataa, heshimu.

*Inamfaa* aliyegonga ukuta wa baba asiyejulikana au jina lililobadilishwa.

Kwa hali yako

Una jina na mwaka tu: faharasa ya bure na sensa, na usilipe chochote mpaka uwe na mahali. Ukishapata mtaa na sensa ikamwonyesha kwenye makao, hamia vitabu vya muungano huo, ukianza na cha madhehebu.

Familia inataja Barnardo au nyumba yoyote: peleka ombi leo kwa sababu ya foleni, lakini mfuate kwenye sensa wakati unasubiri. Nusu ya safari huenda ukagundua ilikuwa nyumba nyingine.

Hadithi ina meli ndani yake: orodha ya Kanada, kisha shirika lililompeleka, kisha ndipo urudi Uingereza kumtafuta mama.

Cheti kina nafasi tupu ya baba: kabla ya DNA, tafuta rekodi za muungano na magazeti ya mji, maana walezi wa maskini walimsaka baba ili alipe. Wakikosa kumtaja, hapo DNA ndiyo yenye neno.

Uko Dar au Kisumu na huwezi kusafiri: vyeti, FamilySearch na orodha ya Kanada vitakufikisha mbali. Makao ya maskini yaache hadi upate mtu wa kukufunulia vitabu.

Na kama yupo bado shangazi mwenye miaka tisini ambaye alimwona babu huyo kwa macho yake, yote haya yasubiri wiki moja. Mpigie simu na umrekodi. Mwulize majina ya mitaa kuliko majina ya watu, na kabla hujakata, mwombe kwa adabu kama atakubali kupimwa.